Chumba cha Ndabaga Kitakuwa na Kitanda Gani?

Sakwe sakwe! Aliyelelewa upande huu wa mto Rusizi ameshajibu "Soma" kabla sijavuta pumzi. Watu wa Kigoma na Mombasa mlikuwa mnangoja "Paukwa" yenu; leo mtuvumilie, tuko Mururu, wilayani Rusizi, Rwanda. Nazungumza na mlioko jikoni Kamembe, mlioko garini mkiteremka kwenda Bugarama, na ninyi jirani zetu wa Bukavu mnaofikiwa na sauti hii bila kugongewa muhuri mpakani.

Mazungumzo ya leo ni ya nyumba ya wageni. Hoteli ya ghorofa sita yenye lifti waachieni wenye mabenki. Nasema nyumba ndogo, vyumba vinne, vitano basi, ambayo familia inaijenga kwenye kiwanja chake yenyewe, na kila chumba kimebeba hadithi. Huku unalala kwa Bakame sungura, kule kwa Ngunda mlafi, na mlango wa tatu haufunguki mpaka uimbe. Wako watakaosema huo ni utoto. Mimi naona ni biashara ya watu wazima, tena ngumu, na ndiyo maana nataka tuijadili kwa bei ya saruji kama tunavyoijadili kwa ngano za bibi.

Kwa nini sasa? Kwa sababu msitu wa Nyungwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023, na lango la kuuingilia kutoka kwetu huku si mbali. Kwa sababu ile njia ya Congo-Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu ikifuata ziwa, inamalizikia wilaya yetu ya Rusizi, na mtu aliyeendesha baiskeli siku nzima kwenye vilima hivi hachagui sana: anataka maji ya moto, chakula na mahali pa kulaza kichwa. Kwa hiyo kila mwenye kiwanja kinachotazama maji anahesabu vyumba akilini. Tatizo ni kwamba wote wanahesabu chumba kile kile: kuta nyeupe, pazia la kahawia, picha ya sokwe wa milimani, gorila, juu ya kitanda. Gorila wenyewe wako Musanze, mwendo wa siku nzima kutoka hapa! Mgeni analala Mururu, anaamka, hajui kama yuko Mururu au Muhanga.

Nianze na mfano wa mbali, kisha nirudi nyumbani. Huko Vietnam kuna mji unaoitwa Đà Lạt. Uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, karibu sawa na Ziwa Kivu lenye mita kama 1,460, kwa hiyo hata baridi yao ya asubuhi ni ya kwetu. Hapo mama mmoja msanifu majengo, Đặng Việt Nga, aliyesomea Moscow, alifungua mwaka 1990 nyumba ya wageni aliyoipa jina la Hằng Nga. Ukuta wake haunyooki popote. Ngazi zinapita ndani ya zege lililofinyangwa mashina ya miti, madirisha hayana pembe, na vyumba vya kulala, kumi hivi, kila kimoja kina mnyama wake: chui milia, dubu, tai, sisimizi. Wageni wakaibandika jina la Nyumba ya Wazimu, na jina likashika.

Kinachonivutia zaidi kwa mama huyu ni jinsi alivyofanya kazi. Mafundi wake walikuwa watu wa hapo hapo, na badala ya kuwapa ramani za kitaalamu aliwachorea picha za rangi, wao wakazigeuza kuwa jengo. Kila familia ya kwetu inaweza kufanya hivyo: mtoto wa darasa la nne achore, fundi atazame, wabishane. Jambo la pili halichekeshi. Ujenzi ule ulimtia madeni, na madeni ndiyo yaliyomfanya afungulie mlango watazamaji wa mchana, wanaolipa kiingilio, wanapanda, wanapiga picha, wanaondoka. Kiingilio kikambeba. Lakini mgeni aliyelipa kitanda sasa anaamka na kukuta watu wasiomjua wanapita mbele ya dirisha lake. Na Đà Lạt ni mji wa mapumziko tangu enzi za Wafaransa, umati unakuja wenyewe. Mururu hatuna umati huo. Ukijenga wazimu wa gharama ile hapa, utabaki na wazimu na deni, bila kiingilio.

Karibu zaidi na kwetu ipo mifano. Kenya, kwenye nyanda za baridi za upande wa milima ya Aberdare, kuna Tafaria, ngome yenye minara, na ukilala huko unajiona shujaa wa Ulaya ya kale mwenye farasi na mkuki. Mji Mkongwe wa Zanzibar, marehemu Emerson Skeens, Mmarekani aliyefika kisiwani mwaka 1989 na kufia huko mwaka 2014, alichukua majumba ya zamani akakipamba kila chumba kwa namna yake, kana kwamba pazia linafunguliwa na mchezo unaanza. Watu walivuka bahari kwenda kulala humo. Sina ugomvi na ngome wala na mapazia. Ila nauliza: anayekuja mpaka Mururu, ya nini alale ngomeni? Ngome ameziacha kwao. Na kama anatoka Kigali, ngome haimkumbushi mtu yeyote.

Hadithi tunazo. Ngoja nizitaje chache kwa faida ya wasikilizaji wa mbali. Wa hapa mnisahihishe kimyakimya. Yupo Bakame, sungura wetu, anayemzungusha fisi kila mara na fisi hajifunzi. Yupo Ngunda, aliyelima kuliko jeshi na kula kuliko jeshi. Wapo Nyashya na Baba, yatima wawili, dada na kaka. Dada anabaki ndani, kaka anakwenda kuwinda, na mlango unafunguliwa kwa wimbo tu, mpaka dubwana linapojifunza kuuimba. Yupo Ndabaga, msichana ambaye baba yake alizeekea katika utumishi wa mfalme kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume wa kumpokea zamu. Msichana akajifunza upinde na mikuki na kuruka, akaenda kukaa mahali pa baba. Jina lake halijafa: wanawake wa Rwanda waliotoka jeshini walipounda chama chao, walikiita Ndabaga.

Sasa basi, chumba cha Ndabaga kitakuwa na kitanda gani?

Hapo ndipo wengi wanapokosea, na hapo ndipo mazungumzo yangu yote ya leo yanapokaa. Mwenye haraka atamwita mchoraji, atachora msichana mwenye upinde ukutani, atapiga rangi, amemaliza. Mimi ningeanza kwa kuuliza Ndabaga angemfaa nani. Angemfaa mwanamke anayesafiri peke yake. Mfanyabiashara wa vitenge aliyekuta mpaka umefungwa usiku. Mwanafunzi anayekwenda kufanya mtihani Kamembe. Basi kitanda kiwe cha mtu mmoja, kizuri, na godoro lisilobonyea katikati. Komeo liwe la ndani, zito, la chuma. Taa ya nje iwake mpaka asubuhi. Chumba chenyewe kikae ubavuni mwa chumba cha mama mwenye nyumba, ili akigonga ukuta asikike. Ukishafanya hayo unaweza kutundika upinde, na upinde utakuwa na maana. Mgeni atakayeondoka hapo atamweleza dada yake, "Kalale kwa Ndabaga, hutasumbuliwa na mtu." Hilo tangazo halilipiwi.

Chukueni mtindo huo mwende nao chumba kwa chumba. Cha Bakame kiwe na milango miwili, maana Bakame hakosi pa kutokea, na moto ukiwaka usiku huo mlango wa pili ndio utakaowaokoa wageni wako. Cha Ngunda ni cha familia nzima: vitanda vinne, meza kubwa, na chakula kinacholetwa na sufuria yake: samaki wadogo wa sambaza waliokaangwa, ugali wa muhogo, sombe. Na hao sambaza wana kisa chao, kwa kuwa si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakakubali maji, leo hakuna meza ya Rusizi isiyowajua. Kisa cha namna hiyo kinasimuliwa mtu akiwa anakula, na kinaongeza ladha.

Cha Nyashya na Baba nitakuonya. Mlango wa kuimbia ni mchezo mzuri kwa watoto: mtoto aimbe, mama mwenye nyumba aliyejificha avute kamba, mlango ufunguke. Lakini usiku mlango huo ufungwe kwa kitasa cha kawaida na ufunguo wa kawaida. Hadithi yenyewe imeshatuambia kwamba dubwana hujifunza wimbo.

Kuna hadithi moja ambayo Mururu haigawani na Nyanza wala Kigali, nami nashangaa haisimuliwi vya kutosha. Ni ya mto wenyewe. Wanajiolojia wanatuambia kwamba zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga zikainuka, zikaziba njia. Maji yakakosa pa kwenda, yakapanda, yakapanda, mpaka ziwa likapata mwanya huku kusini. Hapo Rusizi ikazaliwa, na tangu hapo maji ya Kivu yanashuka karibu mita 700 mpaka Tanganyika, na kutoka Tanganyika kwenda Kongo na Atlantiki. Fikirini: maji yaliyokuwa safarini kwenda Misri yakageuzwa yakaenda bahari nyingine! Mteremko huo ndio uliowafanya Wabelgiji wajenge bwawa la umeme hapa chini yetu mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha mwaka 1989 likaja la pili, la nchi tatu, Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati ule, chini ya kampuni ya SINELAC. Balbu inayowaka chumbani kwa mgeni inawashwa na hadithi hiyo. Mimi ningekuwa na kiwanja Mururu, chumba changu kikubwa kuliko vyote kingekuwa cha mto uliogeuka, na dirisha lake lingetazama maji bila pazia. Ningetia sakafuni mfereji mwembamba wa rangi ya buluu unaotoka ukuta wa kaskazini, unagonga mawe meusi, unageuka, unatokea mlango wa kusini. Fundi wa terazo anaifanya kazi hiyo kwa siku chache.

Nimesema fundi, tuingie kwenye ujenzi wenyewe, maana hapa mchezo unakwisha.

Kwanza paa. Kila anayewaza nyumba ya hadithi anawaza nyasi. Mnakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2010 serikali ilivyoendesha kampeni ya kuziaga nyakatsi, nyumba zote za nyasi zikaondolewa nchi nzima, familia zikapewa mabati. Kwa jirani yako aliyekulia chini ya nyasi, akinyeshewa na kukohoa moshi, nyasi ni umaskini alioukimbia. Sasa wewe unazirudisha na kumtoza mtalii fedha za kigeni azilalie! Sisemi ni haramu. Jumba la mfalme lililojengwa upya kule Nyanza, Rukari, lina paa la nyasi na ni fahari ya taifa. Nasema tu kwamba mtu mwenye busara atazungumza na ofisi ya sekta kabla, na pengine atabaki na vigae vya udongo vya kuchoma, ambavyo tangu wamisionari vimekuwa sura ya mkoa huu. Nyasi azitie ndani, kwenye dari, chini ya vigae, mahali ambapo mvua ya Rusizi haizifikii wala cheche.

Ila vigae ni vizito, na hapo linakuja jambo la pili: ardhi yetu inatikisika. Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, watu wakiwa makanisani, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilipiga kusini mwa Kivu. Makumi ya watu walikufa upande wa Rwanda, katika Rusizi na Nyamasheke, na wengine upande wa Bukavu. Kanisa liliangukia waumini. Waliokuwa wakubwa wakati huo hawahitaji kukumbushwa. Basi mtu akija na mchoro wa mnara uliopinda, dirisha la upande mmoja kubwa kuliko ukuta, balkoni iliyoning'inia kwa uganga, mwambieni ardhi ya Mururu haicheki naye. Nyumba iwe ya chini, isiyo na ghorofa. Kuta fupi, zinazoshikana pembeni. Mkanda wa zege wenye nondo uzunguke juu ya kuta zote bila kukatika, ule mafundi wanaouita linta, na paa lifungwe kwenye mkanda huo. Kama mnatumia rukarakara, matofali ya udongo yasiyochomwa, msingi wa mawe upande mpaka maji ya mvua yasiyarukie. Chumba cha mviringo kinastahimili mtikisiko vizuri, na kinapendeza. Ila godoro linalouzwa sokoni lina pembe nne, na kabati la fundi wetu lina mgongo ulionyooka. Utalipa seremala mara mbili. Mbao za mkaratusi zikifungwa mbichi zitajikunja zenyewe, na hapo utapata madirisha ya kiwazimu bila kuyachora.

Upuuzi wote mzuri, ule wa kuchekesha, uwekeni kwenye vitu vinavyohamishika. Mlango, kiti, taa, mpini wa birika, foronya, chandarua. Chandarua hasa! Mbu wa bonde hili hawana hadithi, wana malaria, kwa hiyo neti lazima iwepo; basi kwa nini iwe ile ya buluu ya hospitali? Mama anayejua sindano ataishonea mawingu na ndege. Msilete imigongo kutoka Kirehe mkaibandika kila ukuta kwa sababu wageni wanaipenda. Sanaa ile ni ya Gisaka, mashariki kabisa, na ina heshima yake huko. Huku tuna mikeka, vikapu, na watu wa kisiwa cha Nkombo wenye makasia yao na lugha yao iliyo jamaa na Kishi cha ng'ambo. Kasia kuukuu juu ya mlango linatosha.

Makaratasi nitayapita mbio. Kagueni kama kiwanja kimeruhusiwa makazi au ni cha kilimo. Kama kiko ziwani, mita 50 kutoka ukingo haziguswi. Kibali cha ujenzi kwanza, msingi baadaye. Kibali cha kupokea watalii kinatoka RDB, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda. Na kodi ni kodi: mamlaka ya mapato haipokei ngano, Bakame mwenyewe angetakiwa kutoa risiti ya mashine ya EBM.

Sasa familia. Hapa nitakaa kidogo, nanyi msinikasirikie.

Tunaposema "nyumba ya familia" tunaona picha tamu: baba anachanganya udongo, mama anapanda maua, watoto wanachora. Mwaka wa kwanza ndivyo ilivyo. Mwaka wa tatu, nani anafua shuka? Nendeni mkaangalie. Ni binti wa miaka kumi na saba, saa kumi na moja alfajiri, na mikono imebabuka kwa sabuni. Halipwi, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Kaka yake anapokea wageni, anapewa bakshishi, simu yake ndiyo iliyoandikwa kwenye kibao cha barabarani. Baba akifariki, kaka ndiye "mwenye hoteli". Sheria ya Rwanda ilimpa binti haki sawa ya urithi tangu mwaka 1999, lakini sheria haijui ni shuka ngapi alizofua. Hilo mtalijua ninyi tu, kama mmeliandika. Kwa hiyo daftari la pili liwepo. La kwanza la wageni, la pili la kazi: nani kafanya nini, na anadai nini. Kila mwezi mkae, mlipane, hata kama ni kidogo. Kama hakuna cha kulipa, iandikwe kwamba hakikuwepo.

Hisa nazo ziandikwe mapema. Mnamjua Abunuwasi. Aliuza ghorofa ya juu ya nyumba yake, kisha akaleta watu wabomoe ya chini kwa kuwa ya chini ilikuwa bado yake. Tunamcheka Abunuwasi kila mwaka, na kila mwaka ndugu wawili mahali fulani katika mkoa huu wanamwiga neno kwa neno, mmoja ana vyumba, mwingine ana njia ya kuingilia.

Niko kwenye vyumba na mikanda ya zege, na sijamtaja mtu muhimu kuliko wote. Nani atasimulia?

Nyumba ya hadithi isiyo na msimulizi ni vyumba vilivyopakwa rangi. Uganda, mji wa Kisoro, chini ya volkano zile zile zilizotuzibia mto, kuna nyumba ya wageni ya Travellers Rest. Mjerumani Walter Baumgärtel aliichukua mwaka 1955. Ilikuwa ndogo, ya kawaida, lakini Dian Fossey alihesabu pale kuwa nyumbani kwake kwa pili, na watafiti wa sokwe walipitia hapo mmoja baada ya mwingine. Hawakufuata mapazia. Baumgärtel aliwajua wapagazi, alijua njia za milimani, alijua nani alimwona sokwe wapi, na alikuwa na hamu ya kuzungumza. Mwenye nyumba mwenye cha kusema, na anayesikiliza, ndiye mapambo ambayo fundi hawezi kuyaiga.

Katika familia yenu huyo ni nani? Usiseme bibi kwa mazoea. Bibi mwingine hapendi kusimulia, ana haki yake, muacheni alale. Pengine ni shemeji yenu dereva, au yule binti wa shuka ambaye tukimwondolea shuka atagundulika ana kipaji. Yeyote atakayekuwa, alipwe. Nusu saa baada ya chakula cha jioni, moto ukiwaka uani, hadithi moja, mbili, vitendawili kidogo. Asimulie kwa Kinyarwanda kwa anayekijua, na kwa Kiswahili kwa wengine. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na hapa mpakani kilikuwa rasmi kabla serikali haijaambiwa. Na asiogope vijana wa Kigali wasiomjua Ndabaga. Hao wamekulia na Urunana, mchezo wa redio ulioanza mwaka 1999. Wanajua vizuri kungoja kipindi kijacho. Akatize hadithi mahali patamu, aseme, "Inayobaki ni kesho usiku." Mtaona chumba kinalipiwa siku ya pili.

Kuna hadithi ambazo hazitaingia kwenye nyumba hiyo, na hili nalisema taratibu. Vilima hivi vina mwaka 1994. Mgeni mwingine, kwa nia njema au kwa udadisi, atauliza mezani, mbele ya watoto, mbele ya mpishi ambaye hujui alipoteza nani katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Msimulizi wenu awe amejiandaa na jibu fupi la heshima, na anuani ya mahali pa kumbukumbu ambapo jambo hilo linaelezwa na watu waliopewa dhamana hiyo. Lisigeuzwe burudani ya baada ya chakula, hata kwa sauti ya huzuni.

Halafu wageni wenyewe ni akina nani? Wengi mnamwota Mzungu mwenye kamera. Atakuja, mara moja moja, msimu wa kiangazi. Mgeni wa kweli wa Mururu ni jirani: familia ya Bukavu iliyotaka Jumapili tulivu, dereva, mwalimu wa semina, maharusi wasiokuwa na fedha za hoteli za ziwani, mama mwenye mkoba anayesubiri mzigo. Na majirani hawa wanakuja kwa kadiri mipaka inavyotaka. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwenye vyumba aliyewategemea watu wa upande mmoja alibaki na funguo mezani. Kwa hiyo vyumba vichache, deni dogo, na shamba la mboga libaki shamba. Msiling'oe kuweka maegesho ya magari ambayo hayajaja.

Lakini jirani ana ugumu mwingine, ambao mtalii wa mbali hana. Anazijua hadithi. Mtoto wa Kijapani atakubali lolote utakalomwambia kuhusu Nyashya na Baba. Mzee kutoka Nyamasheke hatakubali. Utafika kwenye dubwana, yeye atakohoa, atasema, "Hapana, sivyo, kwetu yule dada alitokea kwenye kidole kidogo cha mguu." Mwingine wa Bukavu atasema kwao aliyeimba hakuwa kaka, alikuwa shangazi. Msimulizi mchanga ataona amevunjiwa heshima. Mwenye nyumba ainuke hapo hapo, amletee mzee kile kiti cha mbele, amwombe aimalizie hadithi namna ya kwao, na chai yake usiku huo isiandikwe kwenye bili.